Nani Anachochea Moto wa Bwawa Lako?

Mjomba wangu ana bwawa la kuogelea ambalo hakuna mtu huogelea. Liko Ngong, nyuma ya nyumba, mita 8 kwa 4, vigae vya bluu, taa za chini ya maji, kila kitu. Siku ya kulifungua, watoto waliruka ndani saa nne asubuhi na kufikia saa nne na dakika mbili walikuwa nje, meno yanagongana. Tangu siku hiyo limekuwa la kupigia picha. Kama umewahi kulala Ngong mwezi wa saba, unajua siongezi chumvi.

Sasa mjomba ameamua lazima maji yapashwe joto. Na kwa sababu kwetu mimi ndiye "mtu wa intaneti," kazi ya kutafuta njia ikaniangukia. Fundi wa kwanza kuja alipendekeza boila ya kuni. Maelezo yake yalikuwa mafupi: mtambo si ghali, kuni zinapatikana, na kuhusu nani ataichochea, alielekeza kidevu kwa jamaa anayetunza boma, akasema, "Si kijana yupo tu?"

Huyo "kijana" amepita miaka arobaini. Ana watoto wawili sekondari. Ili maji yawe tayari watoto wa mjomba wakiamka Jumamosi, yeye anafaa awe kwa moto usiku wa manane. Hakuna aliyemuuliza. Alikuwa amesimama hapo hapo na mpira wa maji mkononi, anatabasamu vile mtu hutabasamu akijua maoni yake hayahitajiki.

Hilo neno "yupo tu" lilinikaa kichwani. Nilienda kusoma kuhusu hita za mabwawa nikajikuta Roma ya kale, halafu California, halafu Ikulu ya Marekani, halafu nikarudi hapa kwetu Naivasha. Na kila mahali nilikuta swali lilelile ambalo fundi alilipita mbio: joto likiingia kwa maji, nani au nini kinalipia? Ngoja niwapeleke pole pole.

Tajiri wa kwanza mwenye bwawa la moto

Kulikuwa na jamaa anaitwa Maecenas. Alikuwa rafiki na mshauri wa Augustus, kaizari wa kwanza wa Roma, na watu humkumbuka zaidi kwa sababu aliwafadhili washairi kama Virgil na Horace. Alikufa mwaka wa 8 KK. Mwanahistoria Cassius Dio, aliyeandika kama miaka 200 baadaye, anamtaja kuwa mtu wa kwanza kujenga bwawa la kuogelea la maji moto ndani ya jiji la Roma. Yaani hii shida ya mjomba wangu ina zaidi ya miaka elfu mbili, na ilianza vilevile, na mtu mwenye pesa ambaye hakutaka kutetemeka.

Warumi walijua kupasha joto. Waliinua sakafu juu ya vinguzo vifupi vya matofali, wakaacha nafasi chini yake. Kando kulikuwa na tanuri. Moto ukiwaka, hewa moto ilipita chini ya sakafu, ikapanda ndani ya kuta kupitia mirija ya udongo, kisha ikatokea juu. Maji yalichemshiwa kwa matangi ya metali juu ya tanuri hilohilo. Wewe uliye ndani unaona marumaru na mvuke tu. Moto huuoni, na anayeuwasha humwoni.

Hiyo ilikuwa mipango, haikutokea tu. Ukienda Roma leo kwa magofu ya Bafu za Caracalla, zilizofunguliwa mwaka wa 216, kuna njia kubwa chini ya ardhi. Mikokoteni ilipita humo na kuni, na watumwa walifanya kazi humo, huku juu watu wakioga, wakipiga stori na kufanya mazoezi. Ghorofa mbili za maisha, moja juu ya nyingine.

Kuna mwanafalsafa Seneca, wa karne ya kwanza, aliyeandika barua baada ya kutembelea nyumba ya zamani ya jenerali Scipio, yule aliyemshinda Hannibal. Alikuta bafu la Scipio ni dogo na lina giza. Akalinganisha na mabafu ya wakati wake, yenye madirisha makubwa ya kunasa jua mchana kutwa, na maji ya moto kupita kiasi. Akatania kwamba maji ya siku hizi yana moto hivi kwamba mtumwa akipatikana na hatia, adhabu ingekuwa kumwogesha akiwa hai. Nilicheka kidogo, halafu nikaacha kucheka. Kwenye utani wa Seneca mtumwa yuko ndani ya maji. Katika maisha halisi mtumwa alikuwa chini, anasukuma kuni.

Lakini kitu kilichonishika kabisa ni mwanasheria mmoja, Ulpian, aliyeishi mwanzoni mwa karne ya tatu. Maandishi yake yamehifadhiwa katika mkusanyiko mkubwa wa sheria za Kirumi. Mahali pamoja anajadili chumba cha jua, chumba kilichojengwa ili kipate joto la jua. Kwa jirani aliyefungwa na haki ya mwanga, anasema, kupanda mti unaokinga jua la chumba kama hicho ni kuvunja haki hiyo. Fikiria hiyo. Karne ya tatu, na jua la mtu lina ulinzi wa sheria.

Mahali pengine, Ulpian huyohuyo anajadili kesi tofauti. Mpangaji wa shamba ana mtumwa wa kuchochea tanuri. Mtumwa anapitiwa na usingizi kando ya moto, nyumba inaungua. Swali la kisheria: nani amlipe mwenye nyumba? Wanasheria wanazunguka hapo, kama mpangaji alikuwa mzembe kumchagua mtu wa aina hiyo kwa kazi hiyo. Kile hawaulizi ni mbona mtu alilala. Hawaulizi aliamka saa ngapi, au alikuwa amechochea usiku wa ngapi mfululizo.

Jua la tajiri lilikuwa na haki mbele ya sheria. Usingizi wa mchochezi ulikuwa hasara ya mtu mwingine. Nikamkumbuka yule jamaa wa Ngong na mpira wake wa maji.

Njia zote walikuwa nazo

Kabla hatujatoka Roma, kuna kitu kinashangaza. Ukiondoa stima na gesi, Warumi walikuwa na karibu kila njia tunayobishania leo. Kuni, tumeziona. Jua pia: msanifu majengo Vitruvius alishauri vyumba vya moto vya bafu vielekee upande jua linakotua wakati wa baridi, kwa sababu watu walioga mchana hadi jioni. Bandari ya Ostia, karibu na Roma, ina magofu ya bafu lenye madirisha makubwa yanayotazama upande huohuo. Na joto la ardhini walikuwa nalo pia. Pale Baiae, karibu na Napoli, ardhi ni ya volkano, mvuke na maji moto hujitokea vyenyewe, na matajiri wa Roma walijenga majumba yao ya starehe hapo hapo.

Kwa hivyo mtu akikuambia sola ni teknolojia mpya ambayo haijajaribiwa, mwambie asome kidogo. Ni kongwe. Shida yake haijawahi kuwa kutofanya kazi. Shida yake ni kwamba kila mara kitu cha bei ya chini kikitokea, watu huisahau.

Jua linauzwa, jua linasahaulika

Twende Marekani. Mwaka wa 1891 mtu anaitwa Clarence Kemp, wa Baltimore, alipata hataza ya hita ya maji ya jua. Aliiita Climax. Haikuwa na maajabu: matangi ya metali yaliyopakwa rangi nyeusi, ndani ya kisanduku cha mbao chenye kioo juu. Jua linaingia, joto linanaswa, maji yanapata moto. California, ambako jua ni jingi na makaa ya mawe yalikuwa ghali, watu walizinunua.

Shida ilikuwa usiku. Tangi lenyewe ndilo lilikaa juani, kwa hivyo jua likizama, maji yanapoa. Mwaka wa 1909 William Bailey akapata jibu: tenganisha. Sehemu ya kunasa jua ikae nje, na tangi likae ndani ya nyumba, limefungwa vizuri lisipoteze joto. Bidhaa yake aliiita Day and Night, maana maji yalikuwa moto mchana na usiku. Ukitazama paa za maplotini na estate za Nairobi leo, yale matangi yaliyolala juu ya paneli, huo ni ukoo wa wazo la Bailey.

Basi kwa nini dunia nzima haikuenda sola tangu 1909? Gesi. Miaka ya 1920 gesi asilia nyingi ilipatikana eneo la Los Angeles, bei ikaanguka, na kampuni za gesi zikawavutia watu wajiunge. Soko la sola California likafa. Na hapa ndipo nilipopiga makofi: kampuni ya Bailey yenyewe iligeuka ikawa inatengeneza hita za gesi. Hakuna aliyethibitisha kwamba jua ni baya. Gesi ilikuwa rahisi tu, na bili ya hewa chafu haikuwa na jina la mtu.

Bwawa la rais

Mwaka wa 1933 Ikulu ya Marekani ilijengewa bwawa la ndani kwa ajili ya Rais Franklin Roosevelt. Yeye alikuwa amepooza miguu kutokana na polio na kuogelea ilikuwa sehemu ya tiba yake. Gazeti moja la New York liliongoza mchango, na wananchi wa kawaida wakatoa pesa, katikati ya hali ngumu ya uchumi. Ninaitaja kwa sababu kuna watu huona bwawa lenye joto kama ni uringaji tu. Kwa mwenye mwili unaouma, maji ya joto ni dawa. Rais Kennedy naye alilitumia kwa ajili ya mgongo wake. Mwaka wa 1970 Nixon akalifunika akatengeneza chumba cha waandishi wa habari juu yake. Wale waandishi mnaowaona kwa TV wakiuliza maswali Ikulu, chini ya miguu yao kuna bwawa.

Mwaka wa 1973 nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilizuia mafuta kwenda Marekani, na bei ikapanda dunia nzima. Ghafla kila mtu akakumbuka jua. Mwaka wa 1979 Rais Jimmy Carter akaweka paneli za sola za kupasha maji juu ya paa la Ikulu, akazizindua mbele ya kamera. Mwaka wa 1986, chini ya Reagan, paneli ziliondolewa paa likitengenezwa, na hazikurudishwa. Kufikia hapo mafuta yalikuwa yameshuka bei tena.

Halafu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa George W. Bush, mtu aliyewahi kufanya biashara ya mafuta, sola ilirudi Ikulu kimyakimya. Safari hii sehemu yake iliwekwa kupasha maji ya bwawa. Hakuna hotuba kubwa. Nafikiri hiyo inasema mengi: bwawa ndilo mteja rahisi zaidi wa sola. Halihitaji maji ya kuchemka. Nyuzi 27 au 28 zinatosha, na hizo jua hutoa bila kujikaza.

Friji iliyogeuzwa

Kuna njia nyingine mafundi wengi hapa bado hawaitaji: pampu ya joto. Ni friji iliyogeuzwa. Weka mkono nyuma ya friji yenu, utahisi joto. Hilo joto limetolewa ndani, kwa sukumawiki na maziwa. Pampu ya joto hufanya vilevile kwa bwawa: inachukua joto la hewa ya nje, hata hewa unayoiona baridi, inalisukuma ndani ya maji. Stima inatumika kuhamisha joto badala ya kulitengeneza, kwa hivyo kwa kila uniti moja ya stima, bwawa linaweza kupata kama uniti tano za joto hali ya hewa ikiwa nzuri.

Hii nayo si ya jana. Waswisi hawana makaa ya mawe ya maana, na Vita vya Kwanza vya Dunia viliwafundisha maana ya kutegemea ya wenzao. Kwa hivyo mwaka wa 1938, vita vingine vikinukia, jumba la baraza la jiji la Zürich liliwekewa pampu ya joto iliyotoa joto kutoka kwa maji baridi ya mto Limmat. Bwawa la ndani la jiji hilo, lililofunguliwa 1941, nalo likatumia pampu ya joto. Katikati ya vita, makaa yakiwa ya kutafutwa kwa tochi, watu waliogelea kwa maji yaliyopashwa na joto lililokuwa limepotea hapo nje.

Na sisi tuko Baiae yetu

Sasa rudi nyumbani. Bonde la Ufa ni Baiae yetu. Visima vya kwanza vya kutafuta jotoardhi Olkaria vilichimbwa mwaka wa 1956 na kazi ikalala. Bei ya mafuta ilipolipuka miaka ya 1970, ileile iliyompeleka Carter juu ya paa, Kenya nayo ikakaza kamba. Mwaka wa 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kazi. Leo jotoardhi ndilo chanzo kikubwa zaidi cha stima yetu. Na karibu na mitambo, kuna bwawa la bluu la maji moto yanayotoka kwenye visima, watu hutoka Nairobi wikendi kwenda kujilowesha. Hakuna kuni, hakuna gesi.

Lakini swali langu halijakwisha hata hapo. Mwaka wa 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa Olkaria ili mtambo upanuliwe, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Sisemi jotoardhi ni baya. Kwangu ni mojawapo ya vitu bora nchi hii imefanya. Ninasema hata joto safi lina watu kando yake, na tukiacha kuwauliza, tunarudi kwa yule fundi na kidevu chake.

Kuhusu jua, serikali ilijaribu. Kanuni za mwaka wa 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yawekewe sola. Ni kanuni nzuri kwa nchi iliyokaliwa na ikweta. Lakini si mnajua maisha. Mtu hununua kinachopungua bei leo, na bili ya kesho ataijua kesho. California ya 1920 ilifanya hivyohivyo.

Hesabu ya Ngong

Basi nilikaa na kalamu. Bwawa la mjomba lina kina cha wastani cha mita moja na nusu, kwa hivyo ni lita 48,000. Tuseme maji yako nyuzi 20 na unayataka 27. Hiyo inahitaji kama uniti 390 za joto. Ndoo ya lita 20 ya kuoga, kutoka maji ya mfereji hadi ya kukufanya uimbe bafuni, ni kama nusu uniti. Yaani kulipasha bwawa mara moja ni sawa na kuogesha watu zaidi ya 700. Niliposoma hiyo namba kwa sauti, shangazi aliacha kula.

Sasa angalia njia. Kwa hita ya stima ya kawaida, ukikadiria shilingi 30 kwa uniti, ni kama 11,700. Mara moja tu, kabla usiku haujaanza kukuibia. Kwa pampu ya joto yenye kutoa tano kwa moja, ni kama uniti 78, shilingi 2,340 hivi, na sehemu kubwa ya hiyo stima inatoka Olkaria. Kwa gesi ni karibu mitungi mitatu ya kilo 13. Ina faida ya haraka, inafaa mtu anayeogelea mara moja kwa mwezi, lakini kwa kila wikendi utalia. Kwa kuni, ukikubali nusu ya moto inapotea na moshi, ni kama kilo 200 za kuni kavu. Kilo mia mbili! Mtu azikate, azipange, azisukume kwa wilibaro, akae nazo usiku mzima. Na miti yenyewe inatoka wapi? Tumekuwa na marufuku ya kukata miti kwenye misitu ya umma tangu 2018 hadi ilipotangazwa kuondolewa 2023, na bado tunabishana. Kuni "zinapatikana" ni maneno ya mtu asiyezitafuta.

Sola ya bwawa ni tofauti na ile ya kuoga. Ni mikeka ya plastiki nyeusi juu ya paa, bila kioo. Pampu ya filta inayazungusha maji humo kisha yanarudi. Unahitaji eneo la kama nusu ya bwawa hadi bwawa zima, kwa hivyo kwa mjomba ni mita mraba 16 hadi 32. Paa lake linatosha na nafasi inabaki. Gharama ni ya kuanzia. Baada ya hapo jua halitumi tokeni. Udhaifu wake ni ule wa Kemp, wa mwaka wa 1891: mawingu na usiku. Na Julai ya Ngong ni mawingu kweli, siwezi kukudanganya. Wiki zingine halitafika 27.

Lakini kitu muhimu kuliko vyote hivyo hakina hata waya. Ni mfuniko. Sehemu kubwa ya joto la bwawa, kama asilimia 70, hupotea maji yakigeuka mvuke na kupaa. Bwawa hili likishuka nyuzi 2 usiku, umepoteza zaidi ya uniti 110. Turubai la mapovu la kufunika bwawa likizuia nusu ya hiyo, umepata hita bila kununua hita. Mjomba alikuwa tayari kulipa kuni za mwaka mzima kupasha anga la Ngong.

Nilichomwambia

Nilimwambia hivi. Nunua mfuniko kwanza, kabla ya mtambo wowote. Kisha weka mikeka ya sola. Kaa nayo misimu miwili, ya joto na ya baridi. Ukiona Julai bado inakushinda na kweli mnaogelea, ongeza pampu ya joto ndogo ya kusaidia. Boila ya kuni, achana nayo.

Mjomba alinisikiliza kuhusu pesa. Kuhusu hiyo ya kuamsha mtu usiku, alisema ningelikuwa mwanasheria. Nikamwambia wanasheria ndio walianza hii shida. Hakuelewa, na sikumweleza Ulpian hapo mezani, kuna wakati wa kila kitu.

Kitu kimoja nilifanya ambacho fundi hakufanya. Nilienda nje nikamuuliza yule jamaa, nikimwita kwa jina lake na "kaka" mbele, angependelea nini. Alifikiri kidogo, akasema mfuniko ni mzuri kwa sababu pia utazuia majani, na majani ndiyo yanamla muda kila asubuhi. Watu wazima watatu kwenye mjadala, na yeye peke yake ndiye alikuwa amefikiria majani.

Nimekulia nyumba ambayo nyanya aliamka saa kumi kuwasha jiko ili nipate maji ya kuoga kabla ya shule. Kwa miaka nilidhani maji moto huwa yapo tu, kama asubuhi. Hata ndoo moja ina mtu nyuma yake. Sasa piga mara mia saba.

Mfuniko umeshafika. Mikeka ya sola bado tunajadiliana bei. Na wewe, kwenu ni nani huamka kuwasha? Na ulishawahi kumuuliza kama angependa kulala?